Kelele na Hewa Katika Vituo vya Kufua Umeme kwa Gesi: Hesabu Moja, Meza Moja

Mada kwa semina ya wahandisi, mafundi wa mitambo na maafisa mazingira, Dar es Salaam

1. Utangulizi



Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa ardhini miaka 30 kabla ya kuanza kufua umeme Ubungo mwaka 2004. Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Ubungo ikapata kituo cha injini 12 za gesi chenye megawati 102, Tegeta ikapata cha megawati 45, na Mtwara ikaanza kutumia gesi ya Mnazi Bay. Bomba kubwa la kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015. Kinyerezi I ikajengwa, ikafuatiwa na Kinyerezi II ya megawati 240 iliyozinduliwa Aprili 2018.

Katika muda huohuo jiji nalo halikusimama. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 5.38. Watu hao wanahitaji mahali pa kulala, na viwanja vilivyo karibu na vituo vya umeme hununuliwa na kujengwa kama vingine. Umeme wa Kinyerezi unaingia gridi ya taifa na kuwasha taa Dodoma na Mwanza. Kelele yake haisafiri kwenye nyaya. Inabaki kwa mama anayembembeleza mtoto jirani na uzio, na kwa fundi wa zamu ya usiku aliye ndani ya uzio.

Hoja yangu katika mada hii ni moja. Udhibiti wa kelele na upitishaji wa hewa katika kituo cha gesi ni hesabu moja, na hesabu hiyo lazima ifanywe kwenye meza moja, kwa joto la hapa kwetu, kabla mkataba wa ujenzi haujasainiwa. Mara nyingi kazi hizi hugawiwa wakandarasi wawili wasioonana. Mmoja anafunga majengo ili sauti isitoke. Mwingine anayatoboa ili hewa iingie. Gharama ya kutoelewana kwao hulipwa na mwendeshaji pamoja na jirani kwa miaka 20 au 30.

2. Kelele inatoka wapi

Tunasema "mtambo unapiga kelele" kana kwamba kelele ni moja. Kituo cha gesi kina sauti nyingi, kila moja na chanzo chake na dawa yake.

Ya kwanza hutoka kwenye mdomo wa kuvutia hewa wa tabaini. Kompresa ina safu za mapanga yanayokata hewa kwa kasi. Safu yenye mapanga 30 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mlio wa hezi 1,500, yaani mitetemo 1,500 kwa sekunde. Ni mlio mwembamba na mkali, unaochoma sikio, lakini si mgumu kuunasa. Vizuizi vyembamba vya sufi ya mawe vilivyofunikwa kwa bati lenye matundu na kupangwa sambamba kwenye njia ya hewa huumeza vizuri.

Ya pili hutoka kwenye dohani, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Moshi wa tabaini hutoka ukiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600, ukibeba muungurumo wa masafa ya chini, hasa karibu na hezi 31.5 na 63. Katika hewa ya kawaida wimbi la hezi 31.5 lina urefu wa mita 11. Katika moshi wa nyuzi 550 sauti husafiri mita 575 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi lilelile hurefuka hadi mita 18. Sailensa ya dohani iliyopigiwa hesabu kwa hewa baridi itakosa shabaha kabisa. Inahitaji vizuizi vinene, vyumba vya kina kirefu, na nafasi ambayo haiwezi kupatikana baadaye kama haikuachwa tangu mwanzo. Hapa kituo cha mzunguko pacha, kama Kinyerezi II yenye tabaini sita za gesi na mbili za mvuke, kina faida yake: boila inayochukua joto la moshi hupunguza pia sehemu kubwa ya sauti kabla haijafika kwenye dohani. Tabaini inayotoa moshi moja kwa moja angani haina msaada huo.

Ya tatu ni ya injini za pistoni. Injini ya silinda 20 inayozunguka mara 750 kwa dakika huwasha gesi mara 125 kila sekunde, nao ndio mdundo mkuu tunaousikia kwenye ekzosi, pamoja na midundo mingine iliyo chini yake. Kumbuka pia kwamba vyanzo viwili vilivyo sawa huongeza desibeli 3, na 12 huongeza karibu 11. Kipimo cha injini moja kwenye karakana ya mtengenezaji hakikuambii jirani atasikia nini zote 12 zikiwaka.

Ya nne husahaulika: vali za kupunguza presha ya gesi. Mwaka 1952 mwanahisabati James Lighthill alionyesha kihesabu kwamba nguvu ya sauti ya hewa inayofyatuka hukua kwa kipeo cha nane cha mwendo wake. Kwa kanuni hiyo, kupunguza mwendo kwa nusu kunashusha desibeli 24. Ndiyo maana ni bora kushusha presha kwa hatua kadhaa ndani ya vali iliyosanifiwa kwa kazi hiyo kuliko kuishusha kwa mkupuo kisha kuhangaika kulifunika bomba lote linaloendelea mbele, maana sauti husafiri na bomba.

Mwisho kuna transfoma, ambazo kwenye umeme wa hezi 50 huvuma kwa hezi 100, na feni za kupozea maji na mafuta. Mvumo huo haubadiliki wala haupumziki, kwa hiyo huwasumbua watu kuliko namba yake inavyoonyesha.

3. Namba ya mpakani na chumba cha kulala

Tanzania ina Kanuni za Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2009. Miradi inayotafuta fedha za kimataifa hufuata pia mwongozo wa mwaka 2007 wa IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia: kwenye makazi, desibeli 55 mchana na 45 usiku, au ongezeko lisilozidi desibeli 3 juu ya kelele iliyokuwepo.

Namba hizi ni za lazima, ila zina mipaka miwili ambayo mhandisi wa hapa kwetu anapaswa kuijua.

Mpaka wa kwanza ni dirisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilitaka desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala na 45 nje, likikadiria kwamba ukuta wenye dirisha lililofunguliwa kidogo hupunguza desibeli 15. Dar es Salaam watu hawalali na dirisha lililofunguliwa kidogo. Wanalala na dirisha wazi lenye nondo na wavu wa mbu, chini ya bati, na mara nyingi ukuta una matofali ya matundu karibu na dari. Nyumba ya namna hiyo haimkingi mtu kwa desibeli 15. Ukifikia 45 nje ya nyumba umeitimiza namba, lakini hujahakikisha kwamba mtu amelala.

Mpaka wa pili ni kipimo chenyewe. Tunapima kwa kipimo cha A, kinachofuata usikivu wa sikio na kupunguza sana masafa ya chini. Kwenye hezi 31.5 kipimo hicho hukata desibeli 39. Kwenye hezi 63 hukata 26. Muungurumo wa dohani wenye desibeli 75 kwenye hezi 31.5 utaandikwa 36 tu. Karatasi itasema kuna utulivu huku bati la nyumba linatetema. Muungurumo huo hupita kwenye ukuta kirahisi kuliko mlio mwembamba, na hufika mbali bila kupotea hewani. Dawa yake ni rahisi: pima kwa A na pia kwa kipimo cha C, ambacho hakipunguzi sana masafa ya chini. Tofauti ikizidi desibeli 15 hadi 20, kuna tatizo la masafa ya chini, nalo linahitaji kupimwa kwa kila bendi. Mwananchi anayelalamika kwamba "nyumba inanguruma" apokewe kama mtu anayetoa taarifa ya kitaalamu, kwa sababu mara nyingi ndivyo ilivyo.

Umbali unasaidia, ila kwa gharama ya ardhi. Kwa chanzo kimoja, kila umbali unapozidishwa mara mbili desibeli 6 hupungua: 60 kwa mita 100, 54 kwa mita 200, 48 kwa mita 400. Usiku tulivu, hewa ya chini inapokuwa baridi kuliko ya juu, sauti hupinda kurudi ardhini na faida hiyo hupungua, tena saa ileile ambayo watu wanahitaji usingizi. Vipimo vya mchana peke yake havitoshi kumpa mtu kibali.

4. Joto la hapa na hewa ya hapa

Sasa tuje upande wa pili wa hesabu. Mashine iliyofungwa ndani ya chumba hutoa joto, na joto hilo lazima liondolewe na hewa. Tuchukue chumba chenye mashine zinazotoa kilowati 300 za joto, na vifaa ambavyo havitakiwi kuzidi nyuzi 45.

Pale ambapo hewa ya nje ina nyuzi 20, inaruhusiwa kupanda kwa nyuzi 25 kabla ya kutoka. Inatosha mita za ujazo 10 za hewa kwa sekunde. Dar es Salaam mwezi Februari mchana, hewa ya nje ikiwa na nyuzi 33, imebaki nafasi ya nyuzi 12 tu. Sasa tunahitaji karibu mita za ujazo 22 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili.

Tazameni kinachotokea mkandarasi akiuleta mchoro wa nchi baridi, kisha akaurekebisha kwa kuongeza mwendo wa feni zilezile. Nguvu ya feni hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo, kwa hiyo umeme unaotumika unapanda takribani mara kumi. Kelele ya feni hukua kwa kipeo cha tano hivi, kwa hiyo zinaongezeka desibeli 17. Kazi yote ya kuifunga mashine inaliwa na feni iliyowekwa kuipoza.

Njia sahihi ni kuongeza eneo badala ya mwendo. Tukitaka hewa ipite kwenye sailensa kwa mita 5 kwa sekunde ili isizue sauti yake yenyewe, mita za ujazo 22 zinahitaji njia ya mita za mraba 4.4. Vizuizi vikichukua nusu ya uso, tundu la ukutani linakuwa karibu mita za mraba 9, na litahitajika lingine la kutolea. Nafasi hiyo ni ya msanifu wa jengo, ya mtu wa nguzo na mihimili, na ya mpangaji wa mabomba. Ndiyo sababu nasisitiza meza moja. Kanuni hii hutufaa hata kwenye feni za kupozea nje: feni kubwa inayozunguka taratibu, mwendo ukipunguzwa kwa asilimia 20, hushusha kelele desibeli 5 na hutumia nusu ya umeme.

Hewa inayovutwa na tabaini ina hesabu yake pia. Sailensa na vichujio huleta ukinzani, na kila kilopaskali 1 ya ukinzani kwenye mdomo hupunguza karibu asilimia 1.4 ya nguvu. Kwa mashine ya megawati 30 hizo ni kilowati 420 zinazopotea saa zote. Sailensa iliyobanwa ili kuokoa nafasi hulipiwa kila mwezi kwa gesi na kwa mapato.

5. Tundu moja, ukuta mzima

Paneli nzuri ya chuma na sufi ya mawe yaweza kupunguza desibeli 35. Lakini ukiacha uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, bila sailensa, ukuta mzima hauwezi kuzidi desibeli 20. Uwazi wa asilimia 0.1 unaufunga kwenye 30. Ukuta wa sauti ni kama chandarua: mbu hahitaji zaidi ya tundu moja. Sehemu zinazopitisha nyaya, viungo vya mabomba, fito za milango na kingo za vifuniko ndipo pesa ya paneli inapopotelea.

Na tundu kubwa kuliko yote ni mlango. Ukiukuta mlango wa chumba cha injini umeegemezwa tofali, usianze kwa kumwandikia onyo mwendeshaji. Mlango ulio wazi ni kipimo. Unakuambia kwamba ndani joto limezidi na mfumo wa hewa umeshindwa kazi. Bango la "Funga mlango" halitashusha nyuzi hata moja. Hewa ya kutosha itaufunga mlango huo bila bango.

6. Gesi inayovuja

Hewa ina kazi kubwa kuliko kupoza: inaokoa maisha. Gesi yetu kwa sehemu kubwa ni methani. Huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na kwa kuwa ni nyepesi hupanda juu. Lakini gesi inayovuja kwa presha haipandi taratibu. Hufyatuka kuelekea popote ufa unapoielekeza, kisha hutuama kwenye pembe ambayo hewa haifiki.

Ndiyo maana kusema "hewa hubadilishwa mara kadhaa kwa saa" hakutoshi. Mwongozo wa HSE, mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, kuhusu usalama wa tabaini za gesi, PM84, unakazia kuzimua gesi na kuondoa pembe zilizokufa. Hilo huthibitishwa kwa hesabu za kompyuta na kwa jaribio la moshi ndani ya chumba chenyewe. Kizuizi cha sauti kilichoongezwa baada ya jaribio hilo huzaa pembe mpya iliyokufa. Kwa hiyo kila anayebadilisha kitu kwa ajili ya kelele arudie jaribio la hewa.

Hata nje gesi haisamehe. Tarehe 7 Februari 2010, kituo cha Kleen Energy huko Middletown, Connecticut, kilipokuwa kinakaribia kukamilika, gesi asilia ilitumika kusafisha mabomba kwa kupulizwa hewani kati ya majengo. Ikakutana na moto. Wafanyakazi sita walikufa.

Kuna pia suala la kuzima moto. Chumba kinachotumia kaboni dayoksaidi lazima kisimamishe feni na kufunga milango ya hewa kwa haraka, kwani vinginevyo gesi ya kuzimia moto hutoka nje. Baada ya hapo hakuna anayeingia kabla ya chumba kupigwa hewa na kupimwa, hasa kwenye mashimo na mitaro, ambako gesi hiyo nzito hutulia.

7. Aliye ndani ya uzio

Kiwango kinachotumika kwa mapana ni desibeli 85 kwa saa nane. Kwa kanuni ya tahadhari, kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda kwa nusu: 88 kwa saa nne, 91 kwa saa mbili, 94 kwa saa moja. Ukifika 100 umebaki na dakika 15. Ukumbi wa injini za gesi huvuka 100. Usikivu ukishaharibiwa na kelele haurudi, na huondoka polepole kiasi kwamba mwenyewe ndiye wa mwisho kugundua.

Kinga ya masikio ni muhimu, nayo huleta wajibu mwingine. Aliyeziba masikio huenda asisikie king'ora wala mluzi wa gesi inayovuja. Kwa hiyo tahadhari ya gesi iwe na taa zinazoonekana toka kila upande. Pale ambapo hewa inapita kwa kasi na kuitawanya gesi kabla haijafika kwenye kitambuzi cha kawaida, viwekwe pia vitambuzi vinavyosikiliza mlio wa uvujaji ulio juu ya usikivu wa binadamu, ambao kelele ya mashine haiumezi kirahisi.

8. Matunzo ya pwani

Chumvi ya bahari hula bati lenye matundu. Unyevu ukiingia kwenye sufi ya mawe, sufi hulala na kuacha pengo juu yake. Vumbi huziba vichujio, ndege hujenga viota kwenye milango ya hewa. Hakuna kati ya hayo kinachozima mashine siku hiyo, ndiyo sababu huahirishwa. Kila kituo kiandike kwenye ratiba yake ya matengenezo ukaguzi wa sailensa, fito za milango na ukinzani wa vichujio, kama kinavyoandika ubadilishaji wa mafuta.

9. Mapendekezo

(a) Zabuni itaje kwa pamoja kiwango cha kelele mpakani, joto la juu la hewa ya nje la eneo husika na joto la juu linaloruhusiwa chumbani. Mkandarasi mmoja awajibike kwa yote matatu.

(b) Kelele iliyokuwepo ipimwe kabla ya ujenzi, mchana na usiku, kwa A na kwa C, na matokeo yakabidhiwe serikali ya mtaa.

(c) Majaribio ya kukabidhi kituo yafanyike mashine zote zikiwa na mzigo kamili, milango imefungwa, katika miezi ya joto. Kelele, joto na mtawanyiko wa gesi vipimwe siku hiyohiyo, kwa sababu mashine huishi navyo kwa pamoja.

(d) Kila badiliko la kelele likaguliwe upande wa hewa, na kila badiliko la hewa likaguliwe upande wa kelele.

(e) Mamlaka za mipango miji ziweke ukanda wa ardhi kuzunguka vituo na kuulinda usigeuzwe viwanja, maana hakuna sailensa inayorudisha mita 200 zilizokwisha kuuzwa.

(f) Vyuo vyetu vifundishe sauti na mwendo wa hewa kama somo moja la usanifu, kwa mifano ya joto la nchi zetu.

10. Hitimisho na hoja za kujadili

Tunayo gesi, na tutaendelea kuitumia hata baada ya Bwawa la Julius Nyerere la kufua umeme kwa maji kuanza kuzalisha, kwa kuwa mito hupungua na gridi inahitaji mitambo inayoweza kuwashwa wakati wa ukame. Vituo vya gesi vitakuwa majirani wa watu kwa muda mrefu. Ujirani huo unaweza kuwa wa heshima kwa teknolojia inayojulikana na kwa bei inayovumilika, ilimradi uamuzi ufanyike wakati jengo lingali mchoro. Baada ya zege kumwagwa, kila desibeli hununuliwa ghali.

Naomba vikundi vijadili hoja tatu. Kwanza, mchoro wa kituo unachofanyia kazi ulipigiwa hesabu kwa nyuzi ngapi za hewa ya nje? Pili, ni milango mingapi ya sauti kituoni kwako huachwa wazi, na joto ndani yake ni kiasi gani? Tatu, jirani akilalamika saa nane usiku anampigia nani simu, na mtu huyo ana mamlaka gani ya kuchukua hatua? Majibu yaandikwe na kuwasilishwa kwa uongozi wa vituo kabla ya bajeti ijayo ya matengenezo.